Mwalimu Kakabidhi Funguo Palepale

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lilijaa tangu asubuhi, na kahawa ilinywewa kwa hasira. Jumapili, misa ilipokwisha, Paroko alimwambia mwalimu wa kwaya, aliyeiongoza miaka kumi na tisa, kwamba sasa kwaya itaongozwa na binti mmoja aliyemfundisha yeye mwenyewe. Mwalimu akajibu, "Ndiyo, Baba." Akamkabidhi binti funguo za kinanda palepale, akapiga goti mbele ya tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi, tena lile goti lake bovu, mpaka likagusa sakafu, akaenda zake nyumbani. Kinyozi, ambaye dada yake ndiye mke wa mwalimu, jambo hilo lilimkaa rohoni. Alitaka shemeji yake arudishwe, na mfukoni alikuwa na karatasi ya malalamiko yenye majina ishirini na moja.

— Hata sababu hakuuliza, — alisema Kinyozi. — Mtu mzima anaambiwa shuka, anashuka.

— Hiyo mbinu, — akasema Wakili, ambaye mahakamani hajafika hata kama shahidi, ila kwa ubishi hana mpinzani. — Anangoja kwaya iharibikiwe, wamfuate kwa magoti.

— Mbinu gani? — akadakia Injini, fundi magari, ambaye naye ni mwanakwaya. — Jana mazoezini kafika wa kwanza. Kakaa nyuma na sisi wa besi. Binti kaanzisha ubeti kabla ya wakati, mzee kaanza naye hapohapo, ikabidi wote tufuate. Mtoto wa watu hakuaibika.

— Basi kuna barua kutoka Roma, — akasema Wakili. — Anaandaliwa cheo.

— Ana mke na watoto watano, cheo gani hicho?

— Ndiyo maana barua ni ya siri.

Kinyozi hakucheka. Akawasimulia jinsi mama yake alivyougua, akauguzwa nyumbani kwa mwalimu miezi saba.

— Mama akiita, mimi mwanawe nasema nakuja. Mwalimu ameshafika, tonge bado mkononi.

Alimheshimu mno kwa hilo, na ndilo lililomuuma: mtu wa namna hiyo ndiye wa kuondolewa?

Hapo akatoka mteja, mgeni kabisa mtaani, taulo shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu. Alikuwa amesahauliwa kitini, na kila neno amelisikia. Wote walijua anakuja kulalamika.

— Samahani, ndugu zangu. Huyo mwalimu mwenyewe anasemaje?

Wakili akatazama kikombe chake. Injini akakumbuka kuna gari la watu linamsubiri. Kinyozi akaitoa karatasi akaikunjua, akashuka nayo jina kwa jina hadi la mwisho, na aibu ikampanda usoni. Siku nne alikuwa ameizungusha nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, isipokuwa nyumba ya dada yake.