Phyllis Kagwiria Ndambiri na Uvimbe wa Pili

Marehemu Phyllis Kagwiria Ndambiri alizaliwa tarehe 9 Mei 1978 huko Mikinduri, Tigania Mashariki, binti wa Mzee Kathuri na marehemu Joyline. Alisoma Mikinduri hadi kidato cha nne mwaka 1996, kisha akajifunza ushonaji mjini Meru.

Mwaka 2002 alifunga ndoa kanisani na Bwana Ndambiri, mkulima wa chai wa Kibugu, Embu, akafungua duka la kushona sare za shule. Alizishona kubwa makusudi, mtoto akue nazo. Walijaliwa watoto wawili, Mwendwa na Mugendi. Mugendi alipoanza darasa la kwanza, kaptura ilimfika chini ya magoti, akalia njia nzima. "Utanishukuru ukifika darasa la tatu," mama akamwambia.

Mwaka 2019 aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Mamogramu ya kawaida, yaani picha ya eksirei ya titi, ilionyesha wingu tu lisiloeleweka. Akatumwa Nairobi, akadungwa mshipani dawa inayofanya ugonjwa ung'ae kwenye picha. Uvimbe haukung'aa.

"Hii si saratani," daktari akasema, "lakini urudi kila mwaka."

Aliingia Kibugu akiimba, na jogoo akachinjwa. Kwa daktari alirudi mara moja, basi.

Mwaka 2023 mumewe alimwona akijipapasa karibu na kwapa.

"Mama Mwendwa, hiyo ni nini?"

"Ni ule wa zamani. Si ulipigwa picha?"

Moyoni alijua haukuwa mahali pale pale. Lakini alikuwa na jibu zuri, na hakutaka kunyang'anywa.

Machi 2025, mkono ulipovimba asiweze kushika makasi, alikubali kurudi Nairobi na mumewe. Alidungwa dawa ile ile. Uvimbe wa zamani ulikuwepo, umetulia, haujaongezeka. Juu yake, kuelekea kwapani, mwingine uling'aa mweupe.

"Ule wa kwanza haujakudhuru," daktari akamwambia.

"Na huu?"

Daktari akamgeukia mumewe. Vipimo vingine vilionyesha kuwa saratani ilikuwa imeshafika mifupani.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea apone, aliwazuia. "Hapana, dada zangu. Ombeni maumivu yapungue." Wakaomba. Hayakupungua. Alifariki nyumbani Kibugu tarehe 17 Oktoba 2025.

Amewaacha mumewe, Bwana Ndambiri. Watoto wake, Mwendwa na Mugendi. Mama mkwe wake, Igoki. Na babake, Mzee Kathuri, aliyeuliza njia nzima kutoka Mikinduri kwa nini hakuchukuliwa yeye.

Kagwiria, hakuna kinachokuuma tena. Lala kwa amani ya Bwana.