Kahawa ya Soya ya Bwana Kamugisha

Bwana Fredrick Kamugisha anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kusindika soya hapa Temeke kwa miaka thelathini na moja. Karibu miaka yote hiyo ameongoza Kitengo cha Matumizi Mapya, ambacho kazi yake ni kubuni vitu vya kutengeneza kwa soya na kutafuta watu wa kuvinunua. Vitu alivibuni vingi. Watu bado tunawasubiri.

Wiki iliyopita alitangaza kwamba mafao yake yote atayatia kwenye mgahawa wa kahawa ya soya huko Mbweni. Fremu ya duka ameshaichagua, na Jumatatu anakwenda kulipia kodi ya mwaka mzima. Ofisi nzima imemwambia ni wazo zuri sana. Mkurugenzi amemwambia hivyo. Mlinzi wa getini naye amemwambia, akaongeza kwamba atakuwa mteja wa kwanza, ingawa anakaa Mbagala na hata chai hanywi. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa kugawiwa kwenye sherehe ya kumuaga kwa sababu inasemekana nina kalamu nzuri. Aliyenipa huenda akajuta.

Ieleweke kwanza kwamba Bwana Kamugisha ni mtu wa Bukoba. Kwao mgeni hupewa buni za kutafuna kabla hajakaa vizuri, kwa hiyo kahawa wanaijua tangu wangali mgongoni mwa mama zao. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaanga soya mpaka ikawa nyeusi, akaisaga, akaimwagia maji ya moto na kuiita kahawa. Harufu yake ni ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na ladha haiko mbali na hapo.

Alipotaka kujua kama ina soko, aliniomba nimpeleke Tandale nilikozaliwa. Nilimfikisha kwenye baraza la Mzee Marijani, ambako watu wazima hukutana kila alasiri kwa kahawa chungu wakitoka sokoni. Walipokea vikombe kwa mkono wa kulia, wakanywa, wakashukuru. Mzee Marijani akasema, "Mashallah, bwana, umetuheshimu. Ikifika madukani, inshallah tutainunua." Bwana Kamugisha aliripoti ofisini kwamba wananchi wa Tandale wameipokea bidhaa kwa furaha. Laiti angegeuka nyuma wakati tunaondoka, angeona vikombe vikimwagwa mtaroni na birika la kweli likirudishwa mkaani.

Njiani nilimweleza. Sisi watu wa mwambao aliyetuletea kitu cha kula hatumwambii kibaya. Utakula, utasifu, utamwombea Mungu amzidishie, na kikibaki utaomba ufungashiwe. Ni adabu tu, mtoto anafunzwa hata kabla ya kusoma. Alinisikiliza, akatabasamu, akanijibu, "Somoe, kazi yako wewe ni kuuza. Utafiti niachie mimi."

Basi tukauza. Yaani tuliipeleka madukani, na baada ya miezi kadhaa tukaenda kuichukua ikiwa na vumbi. Hakukata tamaa, na hilo ndilo tatizo lake. Zikafuata sambusa za nyama ya soya, ambazo zilionjwa Mbweni na akina mama wa kikoba cha kuweka na kukopa cha Bi Najma. Walizisifu mno, wakaomba wafungashiwe, naye akaona huo ni uhitaji mkubwa wa soko. Zilizofungashwa zililiwa na kuku wa Bi Najma, isipokuwa maganda ya unga ambayo mwenyewe aliyaonea huruma akala na chai. Halua ya soya siielezi, maana baadhi yenu mtakuwa mnasoma huku mnakula.

Wala tusiisingizie soya. Soya haina kosa. Imo kwenye uji wa lishe wa watoto wetu, imo kwenye mafuta ya kupikia, na mashudu yake, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, ndiyo yanayolisha kuku wa jiji hili na kutulipa sisi mishahara. Bwana Kamugisha hakuyapenda mashudu. Alisema hakusoma miaka yote ile ili aje kuwapikia kuku.

Hapa nalazimika kumsifu, na nitafanya hivyo mara moja tu. Bupe, mama anayefuga kuku Kimara, alikuja getini asubuhi moja na magunia yote ya mashudu aliyonunua kwetu, akayashusha mwenyewe. Hakuamkia wala hakuuliza habari za nyumbani. "Kuku wangu wamegoma," alisema. "Wanadonoa, wanaacha. Chakula chenu kibaya." Bwana Kamugisha alikasirika sana, akasema kuku hana adabu. Ni kweli hana, na ndiyo maana ni mwonjaji bora kuliko baraza zima la Mzee Marijani. Lakini alipomaliza kukasirika alivua koti, akaenda kwenye tanuri la kukaangia, akagundua moto haufiki sawasawa na soya inatoka mbichi. Wiki ile ile likatengenezwa. Tangu hapo wafugaji wa Kimara hawajatuhama. Bupe ndiye mteja pekee aliyewahi kumwambia usoni kwamba kitu chake ni kibaya, na hilo tanuri ndiyo kazi bora aliyotufanyia.

Jumanne mkewe, Mama Auleria, alinifuata ofisini. Alikaa, akakataa soda, akasema bila kupandisha sauti, "Nyie watu wa hapa ndio mmemharibu mume wangu. Kila siku anarudi na sifa zenu. Mimi nikimwambia hiyo kahawa mbaya, ananijibu Dar es Salaam nzima imeisifu, kwani mimi ni nani? Na hayo mafao ndiyo uzee wetu wote."

Namcheka Bwana Kamugisha, lakini wa kuchekwa zaidi ni sisi. Kwa adabu zetu hizi tunazojivunia tumemlisha mtu uongo tangu ana nywele nyeusi, na leo tumevaa vizuri, tumekodi viti na muziki, tuje kumuaga kwa uongo mkubwa kuliko wote.

Bwana Kamugisha, ahsante kwa kuwahi kazini kila siku, kwa kutochoka hata pale ulipostahili kuchoka, na kwa lile tanuri. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha pamoja na Mama Auleria. Jumatatu usiende Mbweni. Nenda Kimara, kamuulize Bupe habari za kuku.

Baada ya hotuba utatugawia kahawa yako, nami nimeomba kiti cha mstari wa mbele. Kikombe changu nitakurudishia kimejaa vilevile, watu wote wakiona. Kwetu Tandale mgeni hatumfanyii hivyo. Tunamfanyia ndugu.

Somoe Mwinshehe
Kitengo cha Mauzo