Binti Asiyesalimu Watu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya haya macho mnayoyaona nyuma ya miwani.

Nililelewa mjini, mtaa wa Ziwani, miaka ya hamsini, mimi na mama katika chumba kimoja. Mtaani kwetu, mtoto akimpita mtu mzima bila kumsalimu, amemtukana. Nami niliwapita kila siku! Majirani wakamwambia mama, "Binti yako ana kiburi." Shuleni tulipangwa kwa urefu, na mimi nilikuwa mrefu kama mlingoti, basi nikakaa nyuma kabisa. Mwalimu akiniambia nisome ubaoni, nanyamaza. Nachapwa. Nilidhani wenzangu wana akili kunishinda, sikujua kwamba wao wanaona kitu pale!

Mama akachoka. Akasema muhula ukiisha atanirudisha risavu, kule kijijini kwa nyanya yangu, nikalime, mambo ya shule basi. Nililia sana, maana niliipenda shule pamoja na viboko vyake.

Ndipo akawaita kina mama wa ushirika waje kulikemea pepo la kiburi. Wakaniwekea mikono, wakaomba kwa machozi. Nami nikaomba kimoyomoyo: Bwana, kama ni kiburi kitoe, lakini usinitoe shuleni.

Baada ya maombi mama alichukua debe akaenda bombani kuteka maji ya chai. Mimi nilisimama mlangoni na Mama Eunice, kiongozi wa ushirika. Akaniuliza kwa ukali, "Mbona huendi kumpokea debe?"

"Nimpokee nani?"

"Huyo anayekuja!"

"Simjui, mama."

Mama Eunice akanishika uso kwa mikono miwili. "Jameni! Huyu hana pepo. Huyu haoni!"

Wiki ile ile nilipelekwa hospitali, na baadaye nikavishwa miwani. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, upande wa pili wa chumba. Ndugu zangu, nikaona machozi yanamtiririka, na hatoi sauti yoyote! Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kulia hivyo. Nikajiuliza mama amelia mara ngapi mbele yangu, nami nikidhani ametulia tu.

Risavu sikwenda. Nilisoma, na jina la Bwana libarikiwe! Tuliomba vibaya, akatujibu vizuri. Mzazi uliye hapa, mtoto wako akiitwa mjeuri, mlete kwa Bwana hata kama hujui kinachomsumbua. Yeye anakijua. Ukimaliza kuomba, fumbua macho umtazame mtoto.