Spana ya Bi Mkubwa

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kifunguamimba wangu kaa upande huu wa kitanda, na wewe binti yangu, kitindamimba, kaa upande ule, na wewe mkwe wangu simama hapo miguuni, mahali pako pa kila siku pa kupokea maneno ya mumeo na kumpelekea wifi yako, kana kwamba hawa wawili walizaliwa viziwi. "Wifi, mwambie mumeo chai iko tayari," na mume mwenyewe ameketi hapo hapo mezani! Nimewacheka mpaka machozi, lakini leo sicheki. Leo nagawa nilicho nacho, na msinikatize, maana nikinyamaza katikati sijui kama nitaweza kuanza tena.

Nyumba ni yenu wote wawili, hilo halina mjadala. Karakana na vifaa vyangu vya kutengenezea jenereta nampa mkwe wangu, ndiye aliyenishikia taa tangu macho yangu yalipoanza kufifia, na sikio lake linaisikia injini mbovu kabla ya sikio la yeyote niliyemzaa. Msikunje uso, nyinyi nilipowaita karakanani mlikuwa na kazi za maana. Kimebaki kitu kimoja, Bi Mkubwa, lile pipa la chuma lililoko uani, na kwa kuwa ndilo lililowagombanisha, nitalizungumza kirefu.

Mama yenu, mnakumbuka, alikuwa akikamua mafuta ya mchaichai: majani yanachemka, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na mwisho wa bomba manukato yanadondoka kwenye chupa. Basi mwaka ule mtaro wa nyuma ulipozibwa na mifuko ya nailoni, maji yakaingia mpaka jikoni, nikamkuta amesimama kwenye tope, kanga ameifunga magotini, ameshika fungu la mifuko iliyochanika na kulitazama kama mtu aliyeokota barua. Akaniambia, "Baba watoto, hivi vitu vilikuwa mafuta kabla havijawa mifuko. Kwa nini visipikwe vikarudi?" Nilimcheka, mimi fundi mzima. Yeye hakununa. Alitafuta pipa la chuma kinene lililotoka kwenye mtambo uliokufa, lenye kifuniko cha kufungwa kwa nati kubwa kiasi kwamba duka zima la vifaa halikuwa na spana ya kuzifungua, ikabidi mfua chuma amfulie moja ya peke yake. Siku aliyolijaza mifuko, akaliunga bomba lake la mchaichai na kuwasha, tulikaa asubuhi nzima tukinusa uvundo tu, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji, ndipo bomba likadondosha tone moja la rangi ya chai, kisha jingine. Nikachovya kitambaa, nikakiwasha, kikawaka. Wanangu, nilivua kofia uani mwangu mwenyewe, mbele ya mke wangu mwenyewe, na mpaka leo kichwani mwangu sijairudisha.

Ngojeni nipumue. Mkwe, maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa wewe, mwanangu wa kwanza. Ulisema, "Baba, hii ni kuchoma kuni ili upate kuni." Hukukosea, na mama yako alikwisha kuyasema hayo kabla yako. Mwanzoni pipa lilikula moto mwingi kuliko mafuta liliyoyatoa, akalizima, akashika tama siku kadhaa. Kisha akagundua kuwa kuna mvuke unaotoka mwisho wa bomba usiokubali kuwa mafuta hata ukipoa, na kwamba unawaka, akaurudisha chini ya pipa kwa bomba la pili, ukawa ndio moto wenyewe. Tangu hapo kuni zilikuwa za kuamshia tu. Na hata hapo hakujidanganya kwamba ni utajiri. Mafuta yaliendesha pampu, pampu ikaleta maji, maji yakaosha mifuko na kupoza bomba, nawe ukavunjika mbavu kwa kucheka ukisema mtambo unafanya kazi ili ujilishe. Mimi nami, mwanangu, maisha yangu yote nimefanya kazi nipate kula, nikala nipate kufanya kazi, na hakuna aliyewahi kuniuza kwa kilo.

Lakini wewe ulimwita mtu wa vyuma chakavu. Mama yako hajatimiza hata arobaini kaburini, mkokoteni uko mlangoni! Na wewe, binti yangu, ukapanda juu ya kifuniko ukakaa, ukagoma kushuka mpaka yule bwana akaenda zake na mkokoteni mtupu. Nilikuwa dirishani hapa, na moyo wangu ulijaa, sitaficha. Ningekuwa na magoti ningekaa nawe.

Ila nawe sikiliza, usitabasamu. Mama yako alipika kile tu ambacho hakingeweza kuwa kitu kingine, ile mifuko iliyochanika na vipakiti ambavyo hata mwokotaji anavipita. Ndoo na viti vilivyovunjika alivipeleka kwa wenye mashine ya kusaga, vikawa ndoo tena. Chupa za maji aliwapa wanunuzi wa chupa, maana ndani ya pipa hutoa unga wa kuziba bomba. "Anayepika ndoo," alisema, "anachoma meza achemshie chai." Na mabomba ya maji, yale ya plastiki ngumu, hakuyaruhusu hata kulisogelea pipa. Wewe, kwa hasira ya kumwonyesha kaka yako kwamba mafuta yatajaa mapipa, ulitia kila kilichokuja mkononi, mabomba yakiwemo. Moshi ule ulimchoma macho fundi cherehani jirani yetu, akakohoa wiki nzima, na chuma cha Bi Mkubwa kikaliwa kama kimeumwa na panya. Ndiyo siku niliyoichukua spana. Mlitafuta kila kona, mkatuhumiana. Ilikuwa hapa chini ya mto wangu, na shingo yangu inajua.

Mkwe, itoe. Polepole, ni nzito.

Basi wosia wangu ni huu. Pipa nampa binti yangu, kwa sababu analipenda. Spana namwachia kaka yake, kwa sababu halipendi. Mwenye kulipenda peke yake atapika hata kisichopikika, na mwenye kulitilia shaka peke yake ataliuza. Kila mtakapotaka kuwasha, mmoja aseme cha kupika na mwingine aulize kama kuna haja, na siku ikiwa haja haipo, Bi Mkubwa alale. Msimfungue akiwa na joto, ataruka moto usoni mwenu. Msiwauzie mafuta hayo wenye magari, ni ya pampu na jenereta. Nendeni pamoja kwa fundi cherehani mkamwombe radhi, wote wawili, si kwa kutuma mtu. Na msimfulie spana ya pili. Nakukatazeni.

Ishike, mwanangu. Nendeni uani sasa hivi mkafungue kifuniko, mkwangue masizi ya siku ile, mtazame kama chuma bado kinafaa. Mimi na mama yenu tuko radhi nanyi. Mungu awape vifua vipana vya kusemezana, awape watoto watakaowabishia, na mikono yenu isipite juu ya kitu kilichotupwa bila kukiuliza kilikuwa nini. Haya, nendeni. Mlango uwe wazi.

Mkwe, kaa. Nishike mkono. Wanasema nini huko? … Wanagombana? Kuhusu nini … upande wa kuzungushia? Vizuri. Vizuri sana. Mama yao naye … hakuwahi kuujua upande.

Tega sikio.

Unaisikia? Nati inalia.