Elikana wa Mutaho na Nati ya Gurudumu la Nyuma

Waombolezaji wenzangu mliofika hapa Mutaho leo Jumatano, tarehe 5 Juni 2019, mimi ni Fabiano, mtoto wa Efrazia, dada yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wangu Elikana, pamoja na jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe kabla ya udongo kumfunika.

Elikana alizaliwa hapa hapa tarehe 9 Aprili 1979, mtoto wa pili wa mama Jovina, akamaliza shule ya msingi, kisha Novemba 1993 akavuka mpaka kukimbia vita pamoja na mama, dada na mdogo wake Thomas, wakaishi Ngara, Tanzania, karibu miaka kumi na moja. Huko ndugu hao wawili walijifunza ufundi wa pikipiki, wakajiwekea sharti ambalo wengi mnalikumbuka, kwamba kabla ya mashindano kila mmoja akague pikipiki ya mwenzake, na mwenye pikipiki asiiguse tena hadi filimbi ilie.

Walirudi nchini tarehe 12 Agosti 2004, wakafungua karakana Muyinga, nyuma ya duka la vipuri la mzee Nazarali, na tarehe 4 Februari 2006 Elikana akafunga ndoa na Martha, wakajaliwa Dorotea mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na Venansi mwaka 2009.

Tarehe 1 Julai 2007, katika mashindano ya Ryansoro, gurudumu la nyuma la Elikana lilichomoka kwenye kona, nati yake haikuonekana, akavunjika paja, na kwa kuwa Thomas ndiye aliyekagua, na Thomas ndiye aliyeshinda, watu walijumlisha haraka.

Sabir, mwana wa mzee Nazarali, aliyatengenezea mambo hayo filamu, marehemu akiigiza nafsi yake na mwalimu Nazario akiigiza mdogo mtu, ikaonyeshwa Gitega tarehe 21 Agosti 2010. Gazeti moja liliandika kwamba mbio zimepigwa picha vizuri, lakini uzito wote umo katika mkono wa mdogo unaosita juu ya nati, na mtangazaji mmoja wa redio, aliyelalamika kuwa nyimbo ni ndefu mno, naye alisema mkono ule hauwezi kuwa wa kubuni. Ukumbini, bibi mmoja nyuma yetu alisema kwa sauti, "Eh, huyu mdogo iko na macho ya mwizi, mi nilimujua tangu mwanzo," watu wakacheka, na Thomas mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu. Alitoka kabla taa hazijawashwa, akahamia Butihinda kulima mihogo, wala hakuna aliyempelekea tena hata baiskeli kuitengeneza. Nami nilimshuku, nikawa nabadili njia nikimwona sokoni.

Januari mwaka huu figo za marehemu zilianza kushindwa, akalazwa Gitega, na tarehe 19 Mei akaniita, akijua nimefunzwa tungo za mizani, akasema, "Andika, mpwa wangu, wala usitie vina." Alieleza kwamba asubuhi ile ya Ryansoro alimwona Thomas akitabasamu peke yake, akamshuku, akavunja sharti, akaifungua nati aliyoifunga mdogo wake ili aione vizuri, akaitwa mstarini, akaitia mfukoni, akapanda. Kwa nini alinyamaza miaka kumi na miwili, tena akakubali kuigiza, hakunieleza, nami sitamsemea. Alifariki tarehe 3 Juni.

Najua wapo wanaonong'ona kwamba mgonjwa huweza kujitwika kosa ili awaache ndugu wamepatana. Nami nilidhani hivyo, hadi jana mjane wake, mama Martha, alipolitoa sandukuni koti la mashindano, ambalo hakuwa amelifunua tangu siku ile kwa sababu ya damu, na mfukoni tukakuta spana namba kumi na tisa, na nati.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Gitega, majirani wa Mutaho waliochimba kaburi, mafundi wa Muyinga, na nyumba ya mzee Nazarali iliyoleta sanda na chakula.

Jeneza hili limefungwa skrubu leo asubuhi na mjomba Thomas, na familia imekubaliana kwamba baada ya mkono wake asikague mtu.

Mjomba Elikana, ndugu yako amekukagua. Pumzika kwa amani.