Kizibo Kisicho na Uzi

Assalamu alaykum, dada zangu. Na wenzetu ambao salamu yao si hiyo, hamjambo nyote. Nimemwomba katibu akae hapa mbele anyanyue mkono mkiitikia, maana nyuma huko siwapati. Sikio langu la kushoto limekwenda na la kulia linalifuata pole pole. Ukinitupia mzaha nisicheke, usiseme nina kiburi. Ala, mkono umenyanyuka. Basi mmeitikia, ahsanteni.

Mwenyekiti alinijia nyumbani akaniambia, wengi wenu mko viwandani, wa samaki, wa unga, wa maji ya matunda, na wengine mnakaribia kuulizwa mnataka vizibo gani vya masikio. Akasema, njoo uwaeleze yaliyokupata. Nikamwambia yangu hayana sifa. Akasema ndiyo hayo hayo tunayoyataka. Kiwanda sitakitaja, wala mtu. Wa kutajwa kwa ubaya humu ni mimi tu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti huku Changamwe, upande wa kukanda. Mashine ya kukandia ni karai la chuma ambalo watoto watatu wangeweza kuogea, na ndani yake kuna mkono wa chuma unaozunguka ukigonga. Nyuma yangu mashine ya kukata, mbele tanuri na feni zake. Huko hamzungumzi. Mtu akitaka kukwambia neno hukushika bega, nawe unampa sikio.

Wanawake wenzangu walinichagua niwawakilishe. Siku moja meneja akatuita, akaweka sinia juu ya meza. Upande mmoja vizibo vya manjano, vya sponji laini, kila kimoja peke yake. Upande wa pili vizibo vya buluu, viwili viwili, vimeunganishwa na uzi, na ndani yake vina punje ya chuma. Akasema, chagueni, nataka jibu leo.

Dada zangu, sisi wengi pale tunavaa mtandio. Nikafikiri: uzi huu utanaswa na pini, utavutana na neti ya nywele, na mtu akitaka kukitoa itabidi afungue mtandio mbele ya wanaume. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, siijutii. Ninachojutia ni kwamba sikuvaa hata kimoja nikajaribu. Nilichagua kwa macho kitu cha masikio.

Fundi wa mashine, mzee mmoja mpole, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mama, hicho cha manjano kikianguka kwenye karai utakionaje? Unga wenyewe ni wa manjano. Hakuna chakula cha rangi ya buluu, ndiyo maana wakavitia buluu."

Nikamjibu, "Fundi, siku utakayojifunga mtandio nitakuja kwako kwa ushauri."

Wanawake wakacheka, na meneja naye akacheka. Fundi akasema, "Haya. Mimi nimesema."

Tukaletewa vya manjano. Na nawaambieni, tulivipenda. Lakini tukajizoeza jambo moja ambalo nina hakika hata nyinyi mnalifanya. Mtu akikushika bega aseme nawe, unaingiza kidole chini ya mtandio, unachomoa kizibo kimoja, halafu unakipachika kwenye mkunjo wa mtandio hapa juu ya sikio, mpaka amalize. Sote tulikuwa tukifanya hivyo. Mkunjo ndio ulikuwa mfuko wetu.

Siku hiyo, baada ya chai, msimamizi alinishika bega kuniambia unga unaofuata ni wa aina nyingine. Nikachomoa cha kushoto nikakipachika. Akaondoka. Nikainama nikakwangua kingo za karai kwa mwiko, nikainuka, nikapeleka mkono kwenye mkunjo. Hakuna kitu.

Nikatazama sakafuni. Nikatazama miguuni, kwenye buti. Nikatazama ndani ya karai: unga wa manjano unajipindua tu.

Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kilikuwa hapa, kwenye kiwiko changu. Ndugu zangu, sikukibonyeza. Nilijiambia kimeanguka chini, kimekwenda na maji ya kudekia. Lakini nilichokuwa nakiona mbele yangu ni uso wa fundi. Mimi ndiye niliyemcheka, mimi ndiye niliyevichagua, na mimi niwe wa kwanza kukiangusha? Unga ukatoka, ukaenda kukatwa. Wakati wa mapumziko nikafungua kabati langu, nikachukua vizibo vipya vilivyokuwa kwenye karatasi yao, nikavaa.

Jioni, binti mmoja wa kupakia aliona biskuti ina kitu kama mpira. Akaivunja. Kilikuwa nusu ya kizibo, kimekatwa na kisu cha mashine na kuokwa pamoja na biskuti. Kule mwisho wa mkanda kuna mashine inayonusa chuma, lakini sponji haina chuma, ikapita salama. Nusu ya pili haikupatikana. Biskuti zote za siku ile zikamwagwa kwenye mapipa ya taka.

Tukapangwa mstari, meneja akasema, "Toeni vizibo, kila mtu anionyeshe viwili."

Nikafungua kiganja. Viwili. Aliyekuwa kwenye karai la pili, ubavuni mwangu, akafungua chake. Kimoja.

Huyu nitamwita Mwenzangu. Anakaa Likoni, mtaa wa Shika Adabu, na kila asubuhi huvuka kwa feri. Wiki iliyotangulia kizibo kimoja kilimponyoka kivukoni, naye akaona haya kuomba vingine, akawa anavaa kimoja, upande wa mashine. Mimi nilikuwa najua. Alinionyesha mwenyewe, tukacheka.

Akasema, "Wallahi si changu. Changu kimeangukia majini." Kisha akanitazama mimi, mwakilishi wake, anayejua.

Nikatazama buti zangu.

Aliachishwa kazi siku ile ile. Na meneja akasema, kuanzia kesho hakuna vizibo, mpaka tujue la kufanya. Hata pamba marufuku. Sasa angalieni nilivyofunga mlango nikiwa ndani: nilitaka kuponya jina langu, nikawanyang'anya wenzangu wote kinga ya masikio. Miezi ikapita. Kila nikiuliza vizibo vitakuja lini, naambiwa bado wanatafuta. Nami ningewabana kwa ulimi gani?

Mlio ulianza kama nyenje, tena mchana, tena nyumbani ambako hakuna nyenje. Nilidhani ni uchovu. Kisha binti yangu akaniambia, "Mama, Bibi amekuita mara nne. Analia."

Mama yangu hawezi kuinuka kitandani. Nanyi mnajua tulivyolelewa: mama akiita, kabla hujajua anataka nini, ushasema "abee." Sijapata kumkalia kimya tangu nizaliwe. Nikakimbilia chumbani. Akanitazama, akasema, na hapo nilikuwa karibu nikamsikia, "Siku hizi nakuita kama naita ukuta. Nimekukosea nini?"

Nilipimwa hospitali. Wanakuweka kwenye kijichumba, wanakuvisha vitu vya masikioni, wanakwambia ukisikia mlio, bonyeza. Nikangoja. Nikangoja sana. Nikamuuliza yule daktari, "Utaanza lini?" Akanigeuzia karatasi. Alikuwa amekwisha maliza sikio la kushoto.

Akanieleza kwa upole, nami nawaeleza kama alivyonieleza: ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele huvilaza kama nyasi zinazokanyagwa. Mwanzoni huinuka. Vikikanyagwa kila siku, hufa, na vikifa havioti tena. Hakuna dawa, hakuna mafuta, na msitie vitunguu swaumu masikioni. Nikamuuliza, hata kidogo? Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo niliposhikwa na unyonge ambao sijui niueleze vipi. La masikio siliwezi. La mama siliwezi, maana nikimweleza leo, kesho amesahau na analia tena. Nikatafuta katika mambo yangu yote ni lipi lililobaki mikononi mwangu, nikaona ni moja tu, na hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia.

Nikavuka kwa feri. Nilimkuta Mwenzangu barazani kwake anachoma mahamri, ndiyo kazi aliyoshika. Hakunifukuza. Akanipa kigoda. Nikamweleza yote, mkunjo, kitufe, kabati. Yeye amenipa mgongo, anageuza mahamri kwenye mafuta. Nilipomaliza nikaona mabega yake yanatikisika kidogo, nikajua anasema kitu.

"Ati?"

Akasema tena. Sikupata.

"Samahani, dadangu. Ati?"

Akateremsha karai, akajifuta mikono, akanijia, akainua mtandio wangu, akaniambia ndani ya sikio: "Nimesema, nilijua."

"Ulijuaje?"

"Vyetu sote vilikuwa vyeusi kwa nta na unga. Vyako vilikuwa safi, manjano tupu, kama vimezaliwa leo."

"Na hukusema?"

"Nilikungoja wewe useme. Nikangoja siku ile. Nikangoja wiki. Halafu nikanunua unga wa mahamri."

Nikaanza kulia, nikamwomba radhi. Akasema, "Usinililie hapa, wateja watadhani mahamri yangu mabaya. Kula moja, kisha nenda ukaseme pale uliponyamaza."

Kesho yake nilikwenda kwa meneja. Nilisema yote, na nikaomba fundi awepo asikie. Nilidhani fundi atanicheka. Akavua kofia yake, akaishika tu. Nilipewa onyo la maandishi na kuvuliwa uwakilishi. Mwenzangu aliandikiwa barua ya kumsafisha, nikampelekea mwenyewe. Lakini nafasi yake ilikuwa imeshajazwa, hakurudishwa. Nilisihi, nikapanga hata kumpisha yangu. Wakasema haiendi hivyo. Siku nyingine, dada zangu, unasema kweli na mambo hayageuki.

Lililogeuka ni vizibo. Safari hii meneja alileta aina kadhaa, akawaachia wanawake wavae kazini, mbele ya mashine, wiki nzima. Wakachagua vya buluu vya uzi. Lakini lile tatizo la mtandio lilikuwa pale pale. Na aliyelimaliza ni Mwenzangu, akiwa barazani kwake. Nilimweleza, akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Hereni unavaa kabla ya mtandio au baada?"

"Kabla."

"Sasa?"

Ndugu zangu, wanawake wazima sisi, hatukuliona. Unavaa vizibo kule chumba cha kubadilishia nguo, uzi unapita nyuma ya shingo, unaushindilia ndani ya koti usining'inie karibu na mashine, kisha ndiyo unafunga neti na mtandio. Mtu akikushika bega unapitisha kidole kwenye taya, unakitoa kimoja. Kikikuponyoka kinabaki shingoni, hakifiki kwenye karai. Na hata uzi ukikatika, ile rangi ya buluu itaonekana, na ile punje ya chuma itanuswa na mashine. Ni walinzi watatu: uzi, rangi, chuma. Mimi nilichagua kisicho na hata mmoja.

Basi mkiletewa sinia, msichague kwa macho. Vivaeni. Vya sponji, nawa mikono kwanza, kiviringe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishike mpaka kijae. Kikitoka nje nusu, hakikukingi. Masikio hayalingani, mwenye tundu dogo adai kidogo, asione haya. Anayevaa kimoja mwambieni aombe vingine, na mwakilishi amwombee, ndiyo kazi yake. Na kikianguka, hata kama ni chako, hata kama ulimcheka fundi, bonyeza kitufe. Unga ule ungemwagwa karai moja tu.

Namshukuru yule fundi. Namshukuru daktari aliyenieleza bila haraka, na binti yangu, ambaye siku hizi mama akiita hunigusa mkono, nami nasema "abee" kwa sauti, nimechelewa lakini nimeitika. Nawashukuru nyinyi, na katibu na mkono wake.

Na namshukuru Mwenzangu. Siku niliyompelekea ile barua aliisoma, akaikunja, akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika alisimama kushotoni kwangu, akasema maneno, marefu kidogo. Lori lilikuwa linapita. Niliona midomo tu. Niliona haya kusema "ati" tena, nikamjibu vile tunavyojibu sisi tusiosikia: "Inshallah." Akatikisa kichwa, akarudi kwake.

Huenda alisema amenisamehe. Huenda alisema nisije tena. Kila nikienda ananipa kigoda na hamri moja, wala hajarudia, nami sijathubutu kumuuliza. Nyinyi ambao bado mnasikia, yatunzeni masikio. Iko siku mtu atawaambia neno mara moja tu.