Kadi ya Kumi na Nne

Ndugu waombolezaji, wakwe, majirani, na ninyi walimu wa chuo cha ukunga mliokuja na basi la chuo, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yangu, Daktari Eshimbek Jamgyrchiev, kama alivyoyaishi, bila kuyapaka rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 hapa Ak-Jylga, mtoto wa pili wa mchunga farasi, akasoma hapahapa kijijini hadi mwaka 1968, akaenda mji mkuu, Frunze, kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1974, na tarehe 9 Oktoba 1976 akamwoa shemeji yetu Saikal, wakajaliwa watoto watatu, Nurgazy, Aichurok na Bermet.

Tarehe 1 Septemba 1977 alianza kufundisha katika chuo cha ukunga cha wilaya, na mwaka 1983 akaandika kijitabu cha majibu ya kadi arobaini za mtihani, zile ambazo mwanafunzi huchota moja mezani ikiwa imefunikwa, akajibu kwa kichwa. Kadi ya kumi na nne ilisema mtoto akishazaliwa apimwe, afungwe nguo, apelekwe chumba cha watoto, na mama asipewe mpaka kesho yake. Ndivyo kaka alivyofundishwa, naye hakuona kosa.

Januari 2008, katika baridi ile mnayoikumbuka, umeme ulikatika hospitalini, chumba cha watoto kikapoa, na mkunga kijana Zuurakan, aliyehitimu kwa alama za juu kuliko wenzake wote, akamwacha humo mtoto wa kike kama kadi inavyosema, mama yake akiwa chumba cha pili na joto lake lote, na kulipokucha mtoto hakuwa hai. Zuurakan alikuja nyumbani, akaketi bila kuvua koti, akasema, "Mwalimu, nilifuata jibu lako neno kwa neno."

Akiwa na miaka hamsini na saba kaka alirudi darasani mjini kusoma upya, akakaa na mabinti wa umri wa wanawe, kisha akaandika mtaala mpya, mtoto alazwe kifuani pa mama papo hapo, na mtihani ufanyike wodini, kadi ziachwe. Aliyemsaidia kuuandika kwa miaka miwili, akila na kunywa kwetu, ni mwanafunzi wake wa zamani, Melis Kadyrkulov, wakati huo naibu mkuu wa chuo, ambaye siku moja kabla ya baraza la chuo kukaa kuuamua mtaala huo alimwambia mbele yetu, "Mwalimu, wewe ongea tu, mimi niko nyuma yako."

Baraza lilikaa tarehe 12 Mei 2011, walimu wakanung'unika kwamba mtihani ukihamia wodini nao itabidi wasome upya, maana wamo ambao walikuwa hawajamshika mtoto mchanga kwa miaka kumi na tano, na ilipoulizwa nani anaunga mkono, uliinuka mkono mmoja tu, wa kaka. Melis akasimama na kijitabu cha mwaka 1983, akasema, "Tutayakataaje haya, na ameyaandika Mwalimu mwenyewe?" Watu wakacheka. Septemba kaka alinyang'anywa vipindi, mwaka uliofuata Melis akawa mkuu wa chuo, kijitabu kikachapwa upya na jina la kaka likabaki juu yake ili kiheshimike. Kaka aliandika barua sita kuomba lifutwe, hakujibiwa hata moja. Ilituuma, na inatuuma hadi leo.

Juni 2018 Gülsana, binti wa Bermet, aliyekuwa akisoma chuoni hapo, aliichota kadi hiyohiyo ya kumi na nne, akajibu alivyofundishwa na babu yake, akafelishwa kwa kijitabu cha babu yake. Alitoka na kadi mfukoni. Oktoba moyo wa kaka ukaanza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na tarehe 3 Februari 2019, saa nne asubuhi, akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa Saikal.

Tunamshukuru Daktari Ainagul na wauguzi wake, majirani waliosimamisha hema, waliochinja na waliochemsha chai siku zote tatu, na zaidi Zuurakan, ambaye tangu mwaka ule kila mtoto anayempokea humlaza kifuani pa mama yake, kadi iseme itakavyo. Walimu wenzake kaka pia tunawashukuru, kwa kuja.

Punde imamu atatugeukia, kama desturi yetu, na kuuliza huyu alikuwa mtu wa namna gani, nasi tutajibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Juu ya hilo kaka aliniachia neno, siku mbili kabla hajafariki. Alisema, "Melis asinijibie, mpaka aichane ile kadi." Mkuu wa chuo, nakuona hapo safu ya mbele, na kadi ninayo mkononi, ileile aliyotoka nayo Gülsana. Nitakupa sasa hivi. Imamu akiuliza, uwe umeichana, au unyamaze.

Kaka yangu, ulisema lako na sisi tumelifikisha. Lala sasa, upumzike kwa amani.